Cheti cha kuzaliwa kwa mtu mzima ambaye hakusajiliwa: namna ya kukiomba RITA

Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria, na sehemu kubwa ya wanaonifuata shida yao ni cheti cha kuzaliwa. Kijana kapata nafasi chuoni na anataka mkopo, mama anaomba pasipoti, mjane ametakiwa athibitishe kwamba watoto ni wa marehemu. Walizaliwa zamani na hawakusajiliwa. Hakuna anayestahili kukosa haki yake kwa sababu hiyo, na njia ipo.

Anayehusika ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulioanza mwaka 2006 na ulio chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Wilayani, huduma hii ipo kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ninayoeleza hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake na taratibu zake.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli hukusajiliwa

Waulize wazazi, pekua makaratasi ya nyumbani. Wapo waliosajiliwa utotoni na cheti kikapotea. Hao wanaomba nakala ya cheti, hawaanzi usajili upya, kwa sababu kumbukumbu mbili za mtu mmoja huzaa matatizo mazito baadaye. Wapo pia waliotunza tangazo, ile karatasi inayotolewa mtoto anapozaliwa, wakidhani ndicho cheti. Tangazo si cheti, lakini usilitupe. Ni ushahidi mzuri kuliko karibu kila kitu kingine utakachopeleka.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi, kisha ulinganishe majina

Tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama unacho, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, kitambulisho cha NIDA au kadi ya mpiga kura, na vitambulisho vya wazazi. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayokutambulisha nayo husaidia.

Sasa zitandaze zote mezani, uzisome herufi kwa herufi. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, na ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Kadi ya kliniki inasema Mwajuma Hamisi Shabani. Cheti cha shule kinasema Mwajuma H. Shaban. NIDA inasema Mwajuma Hamis, basi. Wewe unajua ni mtu mmoja. Msajili anaona watu watatu. Tarehe nazo ni hivyohivyo: shule iliandika mwaka tu, kwingine ikawekwa tarehe 1 Januari kwa kukadiria. Usisahau jina la mama: kuna karatasi zenye jina la baba yake mzazi na nyingine zenye jina la mumewe.

Ukikuta tofauti, amua jina lipi ndilo sahihi kwa kufuata karatasi ya zamani zaidi, halafu uende kwa wakili au kamishna wa viapo uandikiwe kiapo kinachoeleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Lakini kama kosa liko NIDA au shuleni, mimi hushauri uulize kwanza namna ya kulirekebisha hukohuko, maana utalibeba kila uendako. Na usikubali kamwe kupunguza umri ili ufae kwenye ajira. Kutoa taarifa za uongo kwa msajili ni kosa la jinai.

Hatua ya 3: Jaza ombi

Fungua akaunti kwenye mfumo wa eRITA, chagua huduma ya kizazi, yaani usajili wa kuzaliwa, jaza taarifa na upakie nakala za ushahidi zilizoskaniwa vizuri. Picha ya simu iliyopigwa gizani haisomeki. Mahali pa kuzaliwa andika ulikozaliwa, si unakoishi. Usiye na intaneti nenda ofisi ya wilaya ukasaidiwe.

Hatua ya 4: Lipa na usubiri

Utapewa kontroli namba. Lipia benki au kwa simu, na risiti itunze. Usimpe mtu pesa mkononi. Vishoka wanaozunguka nje ya ofisi hawana uwezo wa kukuharakishia, na vyeti vyao hukwama kwenye uhakiki, wakati waombaji wa mikopo ya elimu ya juu hutakiwa cheti kilichohakikiwa na RITA.

Kwa aliyevuka miaka 10 bila kusajiliwa, sheria inataka kibali cha Msajili Mkuu, kwa hiyo usiache mpaka wiki ya mwisho ya kuomba chuo. Ukiitwa kuhojiwa, nenda na mzazi au ndugu mkubwa anayekumbuka kuzaliwa kwako.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kuondoka

Soma cheti ukiwa bado dirishani: majina yako, ya wazazi, tarehe, wilaya. Ukiona kosa, liseme palepale. Kisha kiskani, utunze nakala kwenye barua pepe.

Kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mshughulikie sasa hivi, ndani ya siku 90. Kuna mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka 5 bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Nenda na tangazo au kadi yake ya kliniki.