Kuzuia Mwani katika Tangi la Samaki Lenye Mimea, kwa Hali ya Mombasa

Tangi la samaki likikaa sebuleni Mombasa katika msimu wa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, maji yake hufika nyuzi 29 au 30 za selsiasi bila ya kuwekewa kifaa chochote cha kupasha joto. Katika joto hilo kila chenye uhai ndani ya tangi huenda mbio: samaki hula zaidi na kuchafua zaidi, mabaki ya chakula huoza upesi, na mimea hudai lishe na hewa ukaa kwa wingi, ilhali maji ya vuguvugu hubeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Mmea ukikosa kimoja tu kati ya mahitaji yake hukwama, majani yake ya zamani hudhoofika, na mwani, yaani vijimea vya majini vinavyofanya utando au nyuzi, ambao hutosheka na kidogo, huota papo hapo juu ya majani hayo. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na dawa. Unaanza na mwanga, kwa sababu mwanga ndio unaoamua kasi ya mambo yote hayo, na mwenye tangi anaweza kuupunguza leo hii bila ya kutoa hata senti moja.

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wake ni wa kama saa 12 mwaka mzima, na jua linalopenya dirishani ni kali kuliko taa za kawaida za tangi. Nyumba za Mji wa Kale, zenye vichochoro vyembamba na kuta nene, huliweka tangi kivulini bila ya mwenyewe kutaka; ghorofa zenye madirisha mapana ya vioo, kama zile za Tudor na Nyali, ni habari nyingine. Tangi langu la kwanza nililiweka kando ya dirisha linaloelekea mashariki kwa sababu palipendeza, na baada ya wiki tatu maji yalikuwa ya kijani kibichi hata samaki hawakuonekana isipokuwa walipogusa kioo. Nilibadilisha maji mara nne bila ya faida. Tangi lilipohamishiwa ukuta wa ndani na kufunikwa blanketi kwa siku nne, maji yalitakata na hayakurudi tena kuwa ya kijani. Asiyeweza kulihamisha tangi lake na abandike kadibodi nyeusi upande unaopigwa na jua.

Taa nayo iwashwe kwa saa sita kwa siku, si zaidi, katika miezi miwili ya mwanzo. Kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku ni wakati unaofaa, maana watu hurudi kutoka kazini na kulikuta tangi linawaka. Mimea ikionekana inachipua na vioo vikabaki safi, nusu saa inaweza kuongezwa kila baada ya wiki mbili, mpaka kikomo cha saa nane. Kazi ya kuwasha na kuzima isiachiwe kumbukumbu ya mtu. Swichi ya saa ni rahisi na huleta utaratibu ambao mimea inauhitaji. Tahadhari ni kwamba swichi ya aina ya gurudumu husimama umeme unapokatika na kuendelea pale ilipoishia unaporudi, kwa hiyo baada ya kukatika mara mbili tatu taa huwa inawaka usiku wa manane. Iangaliwe kila mara umeme unaporudi, na saa zilizopotea zisifidiwe kwa kuiacha taa mpaka alfajiri.

Baada ya mwanga huja mimea yenyewe. Kosa la kawaida ni kupanda vishina vitano vya kupendeza katika tangi la lita 100 na kusubiri vijaze nafasi, kwa kuwa nafasi hiyo haitasubiri. Inafaa robo tatu ya sakafu ya tangi iwe imepandwa tangu siku ya kwanza, na sehemu kubwa iwe ya mimea inayokua haraka, kama vile Hygrophila, Vallisneria na Ceratophyllum, hata kama mwenyewe anakusudia kuipunguza baadaye. Mimea inayoelea husaidia kwa njia mbili: huvuta hewa ukaa kutoka hewani badala ya majini, na hutia kivuli. Anubias, ambayo hukua polepole na jani lake moja hukaa kwa miezi mingi, ipandwe chini ya kivuli hicho, kwa sababu jani linalodumu ndilo mwani unalolipenda. Mimea isichumwe kutoka madimbwi na mabwawa ya Kwale au Kilifi, kwani konokono wadogo wanaokaa juu yake ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na mikono ya mfugaji huingia majini kila wiki. Na ile inayozidi isitupwe mtoni wala mtaroni. Ikaushwe juani kwanza.

Suala la maji ni pana zaidi mjini humu kuliko kwingineko, kwa sababu si nyumba zote zinazotumia maji ya chanzo kimoja. Mji hupokea maji ya bomba kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere na Tiwi, na mgao unapokatika watu hununua mitungi ya mkokoteni au huchota visimani. Maji ya bomba yana klorini, ambayo hutoka yakiachwa katika ndoo wazi kwa siku nzima, au huondolewa mara moja kwa matone ya dawa ya kuondoa klorini. Maji ya visima vya kisiwani hupita katika mwamba wa matumbawe, hivyo huwa na chokaa nyingi, mara nyingi yana chumvi, na pale ambapo visima vimekaribiana na mashimo ya vyoo huwa na nitrati pia. Anayenunua mtungi na amuulize muuzaji umetoka wapi kabla ya kuumimina, na ayaonje maji kwa ncha ya ulimi kisha ateme: yakiwa na ladha ya chumvi, hayafai kwa mimea mingi ya maji yasiyo na chumvi. Kadhalika changarawe za pwani zenye vipande vya kombe na matumbawe, zinazopendwa sana kwa weupe wake, hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualikali wa maji. Zidondoshewe siki, zikitoa povu, zibaki nje ya tangi.

Theluthi moja ya maji ibadilishwe kila wiki, na katika miezi miwili ya kwanza hata nusu. Kazi hii ifanywe kwa mpira wa kufyonza, huku ncha yake ikipitishwa juu ya changarawe ili uchafu uliotuama utoke pamoja na maji. Majani yaliyooza yakatwe siku hiyo hiyo, vioo vikwanguliwe kwa kadi ngumu ya plastiki kabla ya kufyonza, na sponji ya kichujio ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Sponji isioshwe kwa maji ya bomba, kwani klorini huua bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na tangi lisilo na bakteria hao hurudi kuwa jipya. Samaki walishwe mara moja kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili. Wageni huona raha kutupia vipande vya mkate. Waelezwe kwa upole.

Kuhusu lishe ya mimea, wapo wanaoamini kwamba mwani hushindwa kwa kuyanyima maji nitrati na fosfati. Nimeifuata imani hiyo kwa miezi kadhaa na kilichokufa ni mimea. Maji yenye nitrati ya miligramu 10 hadi 20 kwa lita na fosfati ya karibu miligramu 1 hayazai mwani maadamu mimea ni mingi na mwanga ni wa kiasi. Samaki wakiwa wachache, nitrati huongezwa kwa nitrati ya potasiamu, inayouzwa katika maduka ya pembejeo kwa wakulima wanaolima ndani ya mabanda: gramu 1 katika lita 100 huongeza takriban miligramu 6 kwa lita. Mbolea za DAP, CAN na urea haziruhusiwi kabisa. Zote huleta amonia, na katika maji yenye pH 8 na joto la nyuzi 30, karibu asilimia 7 ya amonia hiyo iko katika hali ya sumu, ilhali katika pH 7 na nyuzi 25 haifiki hata asilimia 1.

Chupa ya sukari na hamira, inayotumiwa na wengi kutengeneza hewa ukaa, ina tatizo lake katika joto letu. Hamira huchacha kwa nguvu siku za mwanzo kisha hufifia kabla ya wiki mbili, na kiwango cha hewa ukaa majini hupanda na kushuka. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakoualika mwani mweusi wenye nywele fupi kama brashi. Asiye na mtungi wa hewa ukaa wenye kidhibiti ni afadhali aache kabisa na apunguze mwanga.

Mwani ukishaingia, ni lazima utambuliwe, kwa kuwa kila aina ina sababu yake. Utando wa kahawia unaofutika kwa kidole huja katika matangi mapya na huondoka wenyewe baada ya wiki chache. Mtu asihangaike nao. Madoa magumu ya kijani kwenye kioo na juu ya Anubias huashiria mwanga mkali na, mara nyingi, fosfati pungufu. Nyuzi ndefu za kijani zizungushwe kwenye mswaki mkuukuu na kuvutwa nje, kisha saa za taa zipunguzwe. Utando laini wa kijani cha samawati wenye harufu mbaya, unaobanduka kama ngozi, si mwani hasa bali ni bakteria. Hupenda pembe ambazo maji hayazunguki. Ufyonzwe wote, mkondo wa kichujio uelekezwe hapo, na tangi lifunikwe lisipate mwanga kwa siku tatu au nne. Pampu ya hewa isizimwe muda wote huo, na maji yabadilishwe kabla na baada. Zipo antibiotiki zinazouua, lakini sioni sababu ya kuzimwaga katika tangi na hatimaye mtaroni kwa jambo linalotibika kwa blanketi.

Mwani mweusi wa brashi ndio mkaidi kuliko yote. Licha ya rangi yake, uko katika kundi la mwani mwekundu, na kipande chake kikitiwa katika spiriti ya hospitali rangi ya kijani huyeyuka na wekundu hujitokeza. Jaribio hilo humaliza ubishi wa utambuzi. Kichujio kizimwe, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inyunyizwe kwa sirinji, polepole, juu ya mwani wenyewe, jumla isizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za maji ya tangi. Ile ya asilimia 6 izimuliwe kwanza kwa maji sawa na yenyewe. Baada ya dakika 15 kichujio kiwashwe tena. Mwani ukiguswa vizuri hugeuka wa waridi baada ya siku mbili tatu, na uduvi na konokono huula. Dawa nyingine za chupani zisomwe lebo kwa makini: nyingi zina shaba, nami nilimwamini muuzaji mmoja aliyeniambia yake haina neno, nikaokota uduvi waliokufa asubuhi yake.

Konokono aina ya nerita na samaki Ancistrus hufanya kazi nzuri ya kukwangua vioo na magogo, lakini waongezwe baada ya chanzo kurekebishwa, si kabla, maana nao huchafua maji.

Katika marekebisho yote haya kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kiandikwe tarehe, na kipewe wiki mbili au tatu. Mwenye tangi asilitazame jani la zamani kutafuta nafuu, kwa sababu lililokwisha kuvaa mwani halisafiki. Alitazame lile lililochipuka baada ya mabadiliko. Jani jipya likifikia ukubwa wake likiwa safi, mkasi uingie na la zamani likatwe.