Kuyeyusha mafuta ya ng'ombe kwa ajili ya sabuni

Ukitaka kutengeneza sabuni Igunga au Nzega, ng'ombe wapo na mafuta hayakosekani. Wengi huhangaika na kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kumbe sabuni imeshaharibika mapema, kwenye moto wa kuyeyushia. Sufuria yangu ya kwanza niliichochea kuni kama ninayepika makande. Mafuta yalitoka ya kahawia, na sabuni ikanuka nyama choma hadi kipande cha mwisho.

Mwombe mwenye bucha akuwekee mafuta yanayozunguka figo. Ni makavu, yanavunjika mkononi, na hutoa shahamu ngumu na nyeupe kuliko mafuta ya chini ya ngozi. Yachukue siku ileile ya kuchinja, kwa sababu yakishavunda hayarudi. Ondoa kila kinyofu cha nyama na damu, kisha katakata vipande vidogo sana.

Kila kilo itie nusu lita ya maji na kijiko kikubwa cha chumvi. Maji ndiyo mlinzi wako: yakiwemo sufuriani, joto halipandi sana kupita nyuzi 100, na mafuta hayaungui. Moto uwe mdogo, kwa saa mbili au tatu. Isikilize sufuria. Maji yakiwa ya kutosha, sauti ni nzito, ya kububujika. Yakikaribia kwisha inageuka kali, kama unakaanga dagaa. Hapo epua, acha ipoe kidogo, ndipo uongeze maji ya moto taratibu. Mafuta yakishika moto, funika kwa mfuniko na uondoe kuni. Usiyamwagie maji kabisa.

Chuja kwa kitambaa safi, uache yalale. Asubuhi utakuta kipande cheupe kimeganda juu ya maji machafu. Kigeuze: chini yake kuna utando wa kijivu unaoteleza. Ukwangue wote, kisha uyeyushe tena kwa maji na chumvi mpya. Nawasihi msiiruke hatua hii ya pili, kwani ndiyo inayoondoa harufu ya ng'ombe. Mara ya mwisho yayeyushe bila maji, kwa moto mdogo, mpaka vipovu viishe.

Soda ipimwe kwa mizani, si kwa kikombe. Kilo moja ya shahamu huhitaji gramu 134 za kostiki soda safi, katika gramu 330 hivi za maji. Hapo hubaki mafuta kidogo ya kulinda ngozi. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, siyo maji kwenye soda. Usitumie sufuria ya alumini, soda huila. Tumia plastiki ngumu au chuma cha pua. Fanyia nje, vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi. Ikiingia jichoni, osha hivyohivyo halafu wahi hospitali.

Shahamu peke yake ina povu dogo. Ukipata mafuta ya mise (ya kokwa za michikichi) kutoka Kigoma, changanya gramu 200 na gramu 800 za shahamu, na soda ipande hadi gramu 140. Mafuta yakiwa vuguvugu, mimina maji ya soda polepole huku ukikoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji, kisha umimine kwenye kiboksi kilichotandikwa nailoni. Kesho yake kata vipande, uvipange kichanjani kivulini kwa wiki nne kabla ya kuvitumia.