Somo: Biskuti za krimu za mbwa, bila chokoleti wala sukari

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeniuliza zile biskuti nyeusi zenye krimu nyeupe katikati ninazompa mbwa wangu nazitengenezaje, na wengine mlishtuka mkidhani ni zilezile tunazokula sisi. Leo naziandika zote, hatua kwa hatua. Naomba usikimbilie kwenye vipimo kabla ya kusoma sehemu hii ya mwanzo. Biskuti iliyokauka sana mbwa ataitafuna tu, lakini kiungo kibaya kikishaingia kwenye bakuli hakuna namna ya kukitoa.

Rangi nyeusi inatokana na unga wa karobu, sio kakao. Karobu ni ganda la tunda la mti wa mkarobu, linalokaushwa, kukaangwa kidogo na kusagwa. Linafanana na kakao kwa rangi na linakaribia kwa harufu, lakini halina kafeini wala theobromini. Hiyo theobromini ndiyo inayofanya chokoleti iwe sumu kwa mbwa. Mwili wetu huivunja upesi. Mwili wa mbwa huhitaji karibu saa 18 kupunguza nusu tu ya kiasi alichokula, kwa hiyo inakaa ndani ikisumbua moyo na mishipa ya fahamu: anatapika, anaharisha, hatulii, moyo unaenda mbio, na kikiwa kiasi kikubwa anatetemeka na kupata degedege. Unga wa kakao ni mbaya kuliko chokoleti ya maziwa, kwa sababu theobromini yake ni nyingi mara kadhaa kwa uzito uleule. Basi usiseme "nitatia kijiko kimoja tu kwa ajili ya rangi". Kama hujapata karobu, oka biskuti za rangi ya oti. Mbwa hajali rangi hata kidogo, anafuata pua.

Kiungo cha pili cha kuangalia kwa macho mawili ni siagi ya karanga. Chupa nyingine, hasa zinazotangazwa kuwa hazina sukari, hutiwa zailitoli. Kwenye lebo huandikwa xylitol, birch sugar au E967. Kwa mbwa, zailitoli hufanya kongosho limwage insulini kwa wingi, sukari ya damu inaporomoka ndani ya dakika 30 hadi 60, na kiasi kikubwa zaidi huharibu ini. Ni kitu kidogo sana kinachotosha: gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa tayari ni hatari. Ninayoitumia mimi imeandikwa karanga peke yake. Ikiwa na chumvi nyingi au sukari naiacha, na kila nikinunua chupa mpya nasoma upya, hata kama ni ya aina niliyoizoea, maana viungo hubadilishwa bila kupigiwa mbiu.

Vingine usivitie kabisa: zabibu kavu, kungumanga, makadamia, unga wa kitunguu au wa kitunguu saumu, hamira, na vanila ya maji yenye pombe. Baking powder pia sitii. Tunataka biskuti bapa na ngumu, haina kazi humu.

VIPIMO

Unga wa oti gramu 200 (saga oti kavu kwenye blenda mpaka ziwe laini), unga wa karobu vijiko 3 vya chakula, yai 1, siagi ya karanga vijiko 2 vya chakula, na maji kama mililita 70. Kwa krimu: mtindi mzito usio na sukari wala ladha, gramu 300.

Zinatoka biskuti kama 45 zilizokwisha kuunganishwa, ndogo ndogo. Kwa hesabu yangu kila moja ina kalori kati ya 25 na 30.

HATUA YA 1: Chuja mtindi, jana yake

Usiku wa kuamkia siku ya kuoka, tandika kitambaa safi cha pamba kwenye chujio, weka chujio juu ya bakuli, mimina mtindi, funika, ingiza kwenye friji. Asubuhi utakuta maji ya rangi ya manjano chini, na juu kitu kizito kinachosimama kwenye kijiko. Gramu 300 hunipa karibu 150. Hiyo ndiyo krimu yetu, haihitaji kitu kingine. Mapishi mengi huichanganya na sukari ya unga au siagi ili ing'ae. Hapo sikubaliani nao. Mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kumletea mbwa uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali.

HATUA YA 2: Kanda

Washa oveni nyuzi 160 za Selsiasi. Changanya unga wa oti na karobu vikiwa vikavu, karobu ina tabia ya kufanya vidonge kwa hiyo ichekeche. Pembeni piga yai na siagi ya karanga mpaka vishikane, mimina kwenye unga, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Huenda usiyamalize yote. Unga wa oti mwanzoni unanata kama gundi na utashawishika kuongeza unga. Subiri. Ufunike dakika 15, oti zitakunywa maji na donge litatulia lenyewe. Wengi wanaolalamika kwamba biskuti zao zinavunjika kama udongo mkavu, walikosea hapa: waliongeza unga badala ya kusubiri.

HATUA YA 3: Sukuma na ukate miraba

Weka donge katikati ya karatasi mbili za kuokea, lisukume mpaka unene wa milimita 4, usawa uwe mmoja pande zote. Kisha kwa kisu kata miraba ya sentimita 3. Sio duara. Naomba nieleze kwa nini, maana nimeulizwa mara nyingi.

Zamani nilikuwa nakata duara kwa kifuniko cha chupa, zikitoka zinapendeza, huwezi kuzitofautisha na biskuti za chokoleti za krimu za binadamu. Siku moja mtoto wa dada yangu, miaka mitano, alichukua biskuti ya kweli ya chokoleti mezani akampa mbwa. Nilipopiga kelele akanijibu kwa upole, "Lakini shangazi, si ndizo anazokula kila siku?" Alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimpigia daktari wa mifugo palepale, nikamtajia uzito wa mbwa na kiasi alichokula. Mbwa ni mkubwa, biskuti ilikuwa moja, akaniambia nimwangalie tu, na hakupata kitu. Lakini angekuwa mbwa mdogo na paketi nzima, habari ingekuwa nyingine. Tangu hapo biskuti za mbwa nyumbani kwangu ni za mraba, zinakaa kwenye kopo lake lenye mchoro wa mbwa, na kopo hilo halikai rafu moja na biskuti zetu. Kila mtoto anayeingia jikoni anaelezwa: mraba wa mbwa, duara la watu. Na hata huo mraba, mtoto haupeleki kwa mbwa mpaka aulize mkubwa.

Faida nyingine ya mraba ni kwamba hakuna mabaki ya kukusanya na kusukuma tena.

HATUA YA 4: Oka, kisha kausha

Panga kwenye trei, zikaribiane tu, hazitanuki. Toboa kila moja kwa uma mara mbili ili mvuke utoke. Oka dakika 25. Hapa macho hayakusaidii, kwa sababu biskuti ni nyeusi tangu mwanzo, huwezi kungoja ibadilike rangi. Tumia kidole na pua. Bonyeza katikati: ikibonyea, bado. Pembeni ziwe ngumu, na chini ziachie karatasi zenyewe. Ukisikia harufu ya uchungu, zimeanza kuungua, kwani karobu ina sukari yake ya asili nyingi na inaungua upesi. Ndiyo maana nasema 160 na si 180.

Zikiiva, zima oveni, acha mlango wazi kidogo, ziache humo mpaka zipoe kabisa. Usiruke hatua hii. Biskuti zetu hazina sukari, chumvi wala dawa ya kuzihifadhi, kinachozizuia zisiote ukungu ni ukavu peke yake.

HATUA YA 5: Unganisha

Weka nusu kijiko cha chai cha mtindi mzito juu ya biskuti moja, funika na nyingine, bonyeza taratibu. Fanya hivyo kwa zile za siku tatu tu na uziweke kwenye friji. Zilizobaki ziache kavu kwenye kopo lisiloingiza hewa, wiki mbili zinakaa vizuri. Ukiona ukungu kwenye moja, tupa kopo zima, usichambue. Ukungu mwingine una sumu ya kumtetemesha mbwa.

Kuhusu kiasi: vitafunio vyote vya siku, hizi pamoja na vingine, visizidi asilimia 10 ya kalori anazohitaji mbwa. Mbwa mzima wa kilo 10 asiye na shughuli nyingi anahitaji takriban kalori 600 kwa siku, kwa hiyo biskuti mbili ndio mwisho wake. Wa kilo 4 mpe moja, ukiikata vipande, na kibakuli cha chakula ukipunguze kidogo siku hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Chui: Asante sana dada kwa somo. Mbwa wangu akila kitu cha maziwa anaharisha. Krimu nifanye nini?

Jibu: Pole kwake, ni wengi wako hivyo, mbwa wazima wengi hawamudu sukari ya maziwa. Mtindi uliochujwa una kidogo, lakini kwa huyo wako usijaribu. Chemsha kiazi kitamu au boga, bila chumvi, kiponde mpaka kiwe laini, kiache kipoe. Kinashika vizuri kuliko hata mtindi. Krimu itakuwa ya rangi ya machungwa, na hapo ndipo hakuna mtoto atakayeichanganya na biskuti zake.

Fundi Juma: Mimi sina oveni. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana kaka. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko unaobana, weka kigae au kisahani cha chuma chini ili trei isiguse tako la sufuria, pasha moto mdogo dakika 10, kisha ingiza biskuti chache chache. Baada ya dakika 15 zigeuze. Mvuke unakusanyika kwenye mfuniko, kwa hiyo ufute kila unapofungua, na mwisho uache wazi kidogo zikauke. Kikaango kitupu nilikijaribu, chini ziliungua na katikati zikabaki mbichi.

Binti wa Kwanza: Naweza kutumia unga wa ngano? Oti sijapata.

Jibu: Kama mbwa wako hajawahi kuwashwa wala kusumbuka tumbo kwa ngano, tumia, na ni rahisi zaidi kuisukuma. Punguza maji mpaka mililita 50 kwanza. Unga wa dengu nao unafaa. Unga wa mchele peke yake unavunjika, changanya nusu kwa nusu na mwingine. Na usimwonjeshe donge bichi, lina yai na unga ambao haujaiva.

Mzee wa Bustani: Mwanangu, mbwa wangu ana miaka 12 na daktari alisema ana kisukari. Hizi hazina sukari, nimpe?

Jibu: Shikamoo mzee. Hapana, usimpe bado. Hatujatia sukari, ni kweli, lakini oti ni wanga na karobu ina sukari yake. Kwa mbwa anayechomwa insulini kila kitafunio kinaingia kwenye hesabu ya daktari wake. Mpelekee orodha ya viungo kama nilivyoiandika, akwambie yeye. Na akiwa na ugonjwa wa figo au aliwahi kuugua kongosho, jibu langu ni hilohilo.

Kipenzi cha Paka: Jirani yangu anasema mbwa wake alikula chokoleti akamnywesha maji ya chumvi atapike, akapona. Ni sawa?

Jibu: Si sawa, tafadhali mwambie asirudie. Chumvi nyingi yenyewe inaweza kumuua mbwa. Ukishuku amekula chokoleti au zailitoli, piga simu kwa daktari wa mifugo mara moja ukiwa na paketi mkononi: jina la kitu, kiasi, saa aliyokula, uzito wa mbwa. Usingoje dalili. Za chokoleti huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 12. Kumtapisha ni uamuzi wa daktari.

Mama Chui: Dada, nimerudi. Za boga zimetoka vizuri ila zimekuwa laini kesho yake.

Jibu: Boga lina maji mengi mama. Ukishaliponda lirudishe jikoni dakika chache moto mdogo, ukikoroga, mpaka mwiko uache njia kwenye tako la sufuria. Likipoa ndipo upake, na uunganishe zile za siku hiyo tu. Zilizolainika sasa hivi bado ni salama kama zimelala kwenye friji, mpe leo.