Jinsi ya kuhesabu mwenendo wa uandikaji wa dawa katika zahanati yako

Karibu kila zahanati ina daktari anayesema, "Sisi hapa hatuandiki antibiotiki ovyo." Huenda ni kweli. Mimi ni mfamasia, na siku hizi sibishani naye, nahesabu vyeti vya dawa.

Hatua ya 1: Chagua vyeti

Kwa kituo kimoja, chukua vyeti 100 vya mwaka mzima uliopita. Ukichukua vya msimu wa mafua pekee, hesabu itakudanganya. Kama rejesta ina mahudhurio 6,000, chukua kila la 60, na la kuanzia lipate kwa kura kati ya 1 na 60. Usichague kwa macho: macho hupenda cheti chenye mwandiko unaosomeka. Uzuri wa vyeti vya zamani ni kwamba aliyeviandika hakujua vitahesabiwa.

Hatua ya 2: Weka kanuni kabla ya kugusa cheti cha kwanza

Hapa ndipo kazi huharibikia. Kidonge chenye viambato viwili, kama kotrimoksazoli, ni dawa moja. Chanjo usiihesabu kama sindano. Na metronidazoli je, utaiweka kwenye antibiotiki au kwenye dawa za amiba? Amua, andika, usibadilishe. Mara yangu ya kwanza niliihesabu asubuhi, mchana nikaiacha. Nilianza upya vyeti vyote.

Hatua ya 3: Jaza jedwali

Safu ni hizi: namba ya cheti, ugonjwa ulioandikwa, idadi ya dawa, ngapi zimeandikwa kwa jina halisi badala ya jina la biashara, ngapi zimo kwenye orodha ya dawa muhimu, kuna antibiotiki, kuna sindano. Jina la mgonjwa halihitajiki. Daktari mpe herufi.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Utapata viashiria vitano ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 1993. Angalia unagawa kwa nini. Antibiotiki na sindano hugawanywa kwa idadi ya vyeti; mgonjwa aliyepewa antibiotiki mbili huhesabiwa mara moja tu. Jina halisi na orodha ya dawa muhimu hugawanywa kwa idadi ya dawa zote. Tuseme vyeti 100 vina dawa 290: wastani ni 2.9 kwa cheti, na kama 203 zina jina halisi, hiyo ni asilimia 70. Ukigawa 203 kwa 100 utajishtukia mwenyewe.

Hatua ya 5: Rudi kwenye ugonjwa

Asilimia tupu haikuambii kama dawa ilistahili. Zahanati yenye wagonjwa wengi wa nimonia itaandika antibiotiki nyingi, na ni sawa. Kwa hiyo toa pembeni vyeti vya mafua ya kawaida, ugonjwa wa virusi ambao antibiotiki haiugusi, uhesabu vingapi vimeandikiwa. Kwangu, namba hii moja ina uzito kuliko zile tano. Angalia pia aina yake: amoksilini na azithromaisini haziko kundi moja, kwani ya pili shirika hilo linataka iandikwe kwa uangalifu zaidi.

Hatua ya 6: Wapelekee madaktari

Kila mmoja mwambie herufi yake faraghani, kisha onyesha jedwali kikaoni. Usiseme neno, waache waulize. Baada ya miezi sita hesabu tena, kwa kanuni zilezile za hatua ya 2.