Gauni la harusi: lipindue kwanza

Nashona Langoni, mjini Lamu, na mwezi wa mfungo mosi ukiandama mlango wangu haufungwi. Ramadhani imekwisha, siku zimepangwa, na kila mama mwenye mwari ndani anatafuta fundi. Huja na gauni mfukoni, akalitoa, akalinyanyua kwa mabega mpaka puleki zikamulika ukuta. "Fundi, si zuri hili?" Huwa ni zuri. Mimi nalipokea kwa mikono miwili, nakaa nalo mkekani, nalipindua ndani nje. Wapo wanaoona kama natafuta kasoro kabla ya kutoa sifa. Lakini uzuri wa nje ulishaonekana dukani. Kama litamkaa mwanetu au halitamkaa, jibu liko upande wa bitana.

Nawe unayenunua Biashara Street kule Mombasa, au Eastleigh ya Nairobi, au uliyebahatika kuokota gauni safi katika mitumba ya Kongowea, fanya hivyo hivyo kabla ya kutoa pesa. Shika mshono wa ubavuni kwa vidole viwili. Kile kitambaa kilichobaki ndani, ng'ambo ya uzi, ndiyo akiba yako. Kikiwa sentimita 2, gauni hilo laweza kuachiwa: toa sentimita 1 kila upande wa mshono, na kwa kuwa mishono ya ubavuni ni miwili, umepata sentimita 4 kiunoni. Kikiwa kimekatwa karibu na uzi, imebaki nusu sentimita, hapo hapana cha kuachia. Muuzaji akikwambia "fundi atatengeneza," muulize atatengeneza kwa kitambaa gani. Kupunguza ni kwepesi zaidi, kwa hiyo ukijikuta kati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Ila ukubwa huo usiwe wa mabegani. Bega ndilo linalobeba gauni zima, na mshono wake uishie penye mfupa, pale mkono unapoanzia. Ukishuka chini ya hapo, itabidi mikono ing'olewe na tundu zake zikatwe upya. Na kama kifua kimetiwa shanga, mkasi ukipita kwenye shanga moja zinaporomoka na jirani zake, kwani zimetungwa kwa uzi mmoja. Kazi hiyo naifanya, lakini hula siku tatu na bei yake inakaribia ya kushona jipya.

Kisha fikiri gauni litavaliwa wapi. Picha za kwenye simu zinaonyesha bibi harusi amesimama uwanjani, mkia umetandazwa nyuma yake. Wa kwetu, usiku wa kupambwa, hukaa. Hukaa jukwaani saa mbili, saa tatu, wanawake wakiimba na kumtazama, na kabla ya hapo amepita vichochoroni na buibui juu. Kutoka kwangu kwenda mtaa wa Mkomani pana mahali nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, chini pana mtaro, na mbele yako anakuja punda na magunia ya mchanga. Gagulo lenye waya, ile sketi ya ndani ya kulitanua gauni, duara lake mita 3, lina upana wa karibu mita 1. Halipiti pale bila kukwaruza ukuta. Sikatazi gagulo. Nasema liwe mbali na gauni, libebwe mkononi, livaliwe huko huko. Na mkia mrefu natia kitanzi kidogo upande wa chini yake, na kifungo kilichofichwa kwenye mikunjo ya kiuno nyuma. Ukipandishwa ukafungwa unaning'inia kama pazia. Akifika jukwaani somo wake, yule mama anayemfunda, anaufungua.

Vipimo nachukua mara mbili, amesimama na ameketi. Mtu akiketi kiuno na nyonga hutanuka, kwa wengi sentimita 2 au 3, na gauni lililomshika vizuri akisimama litamkaba jukwaani mpaka ashindwe kumeza tende. Urefu napima akiwa amevaa viatu vyenyewe, si "vinavyofanana navyo". Upindo wa mbele uwe sentimita 2 juu ya sakafu, maana ngazi za nyumba zetu ni za mawe, zimesimama, na vidato vyake havilingani. Jaribio la kwanza liwe wiki sita kabla ya harusi, la pili wiki mbili, la mwisho siku tatu. Hilo la mwisho naliendea mwenyewe, kwa kuwa mwari keshawekwa ndani, na huko ndani wengine hunenepa kwa mapishi ya mashangazi na wengine hukonda kwa fikira.

Nitakwambia la binti mmoja. Gauni lake liliagizwa kwenye duka moja la Mombasa kwa vipimo vya simu. Lilifika Mokowe kwa basi alasiri, likavushwa kwa boti, na magharibi nikaitwa. Harusi kesho yake. Zipu haikukutana: nilipima pengo la mgongoni, sentimita 10. Nikalipindua, mishono nusu sentimita. Binti amejikunyata ukingoni mwa kitanda, mikono imechorwa hina na piko mpaka viwikoni bado mbichi, hawezi hata kujifuta machozi, somo wake anamfuta kwa ncha ya leso.

Ubavuni sikuweza kugusa, kwa sababu shanga zilizunguka mpaka kwapani. Nikaamua mgongo ufungwe kwa kamba. Nilifumua zipu. Kingo mbili za mgongo nikazitia ndani kile kitambaa kigumu cha kola za mashati, ili zisikunjamane zikivutwa. Mkia ulikuwa na tabaka mbili za satini. Kwenye ile ya chini isiyoonekana nikakata vipande vyembamba vya sentimita 3, kimshazari. Hapo usitafute njia ya mkato. Kitambaa kilichokatwa kufuata uzi wake hakikubali kupinda, kitanzi chake hukaa na pembe. Cha mshazari kinazunguka laini kama kidole. Nikashona mirija, nikaigeuza kwa sindano butu, nikaikata vitanzi: 14 kila ukingo, kimoja kila sentimita 2.5. Umeme ukakatika kazi iko nusu. Nilikuja na cherehani ya mkono, basi shangazi mtu akashika taa ya kuchaji juu ya bega langu, nikaendelea kuzungusha. Nyuma ya vitanzi nikaweka kipande cha satini cha upana wa sentimita 18, upande mmoja nimeushona na mwingine nimeutia vifungo vya kubana, ili ngozi isionekane. Kamba yenyewe ilimeza mita 4. Muadhini wa alfajiri alinikuta kwenye fundo la mwisho.

Usiku wake nilikaa safu ya nyuma nikamtazama. Mgongo umenyooka, kamba zimepishana mpaka kiunoni, anacheka na pumzi yake anaipata. Wanawake walisema gauni lilikuja hivyo.

Mahali ambapo ubavu hauna shanga, njia yangu ni taharizi, ile ile wanayotia mafundi wa kanzu. Fumua mshono wa ubavuni mzima kutoka kwapani hadi nyonga, utie kipande kirefu kilichochongoka juu na chini. Kikionekana upana wa sentimita 3 kila ubavu, umeongeza 6, na ukifunika kwa lesi inayopanda kutoka kwenye sketi, jicho linadhani ni nakshi. Kitambaa tafuta kwenye mkia au kwenye upindo wa ndani kwanza. Ukilazimika kununua, nenda na kipande, kwani weupe si mmoja: upo wa pamba mpya, upo wa tui, upo wa pembe. Ulinganishe juani, uani au juu ya dari, kisha uulinganishe tena chini ya taa kama zile za ukumbi. Dukani vyote huonekana ndugu.

Magauni mengi yanayokuja hayana mikono. Kuongeza mikono ya lesi si shida, shida ni wale wanaoshona mkono umebana kwapani ili upendeze pichani. Bibi harusi anakumbatiwa na nusu ya mji. Mwekee kikwapa, kipande cha pembe nne kama cha kanzu, sentimita 8 kwa 8, kimekaa kimshazari chini ya mkono. Atanyanyua mikono yake yenye hina na kiuno cha gauni hakitapanda. Mkono ukiwa mrefu na ncha yake ina nakshi, usiukate kifundoni. Ufupishe kutoka begani.

Upindo nao hivyo hivyo. Wenye lesi chini haukatwi chini. Fumua ile lesi yote, piga bandi, yaani mshono wa muda, ya uzi wa rangi mahali papya pa kukalia, uirudishe huko juu, ndipo ukate kilichozidi. Kupunguza kiuno ni kazi ya adhuhuri moja: ukitaka sentimita 4, ingia sentimita 1 kwenye kila kitambaa cha mishono miwili ya ubavuni. Zaidi ya 8 usiutwishe ubavu peke yake, gawa na mgongo.

Gauni la kukodi sina neno nalo, ingawa wazee husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ila hilo mkasi usiliguse. Piga bandi tu kwa mkono, uzi mmoja mmoja, na asubuhi ya pili uifumue yote kabla ya kulirudisha.

Sasa mambo ya kwetu yanayoharibu gauni likiwa tayari, na haya nayasema kwa uchungu kwa sababu nimeyaona. Hewa ya bahari hula chuma. Pini ya chuma ikilala kwenye satini siku chache huacha doa la kutu, na doa hilo ni gumu kutoka. Tumia pini zisizoshika kutu, na bado uzihesabu ukizitoa. Mfuko wa nailoni uliokuja na gauni utupe. Ndani yake unyevu hauna pa kutokea na kawa hupanda, hasa masika. Lifunge kwa leso mbili za pamba zilizofuliwa zikaisha rangi, ulitundike mbali na ukuta.

Pasi ijaribu kwanza kwenye mshono wa ndani. Hujui kitambaa ni nini? Vuta uzi mmoja kutoka kwenye akiba ya mshono, uuwashe moto: hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanapukutika, poliesta inayeyuka ikawa tone gumu. Ya pili inataka pasi ya vuguvugu na leso nyevu juu. Udi nao. Kila mama anataka gauni lifukizwe, na ni haki yake, lakini neti nyingi ni nailoni au poliesta, cheche moja inatoboa tundu la ukubwa wa shilingi. Fukiza bitana na gagulo, neti iwe imekunjwa juu mbali na chetezo. Mafuta ya manukato yapakwe ngozini, yakauke, ndipo gauni livaliwe. Vikuba vya asmini vishonewe kwenye utepe utakaofungwa shingoni au mkononi, visibanwe na pini kifuani, kwa sababu ua likinyauka chini ya joto la taa hutoa maji ya kahawia.

Na usiku wenyewe somo awe na kijaluba: sindano tatu zimeshatiwa uzi mweupe, pini za kufungia, mkasi mdogo, na leso nyeupe ya kumtandia kifuani akilishwa.