Moshi Baada ya Moto: Jinsi ya Kuitengeneza Nyumba na Kudai Bima Mjini Mombasa

Moto unapozuka jikoni ukazimwa kabla haujafika sebuleni, majirani husema Mungu ameepusha, na kweli ameepusha; lakini kazi inayobaki mara nyingi ni kubwa kuliko ile sehemu iliyoungua. Moshi huwa umekwisha kupenya chini ya milango, umeingia kabatini na nyuma ya vifuniko vya soketi, na masizi yake huendelea kuharibu hata baada ya nyumba kupoa. Plastiki ya PVC, ambayo hufunika nyaya za umeme na kutengenezewa mabomba, ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, na gesi hiyo ikikutana na unyevu hugeuka asidi. Hapa Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima pamoja na chumvi ya bahari, asidi hiyo haikawii kuanza kula bawaba, vitasa, koki na sakiti za televisheni. Kwa hiyo mwenye nyumba hujikuta kati ya mambo mawili yanayovutana: masizi yanataka kuondolewa mapema, na kampuni ya bima inataka kuyaona kabla hayajaondolewa. Kinachoyapatanisha ni mpangilio wa kazi, na wengi hupoteza haki yao kwa kuupindua mpangilio huo.

Usiingie ndani mpaka wazimamoto waseme nyumba ni salama, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na huweza kubaki katika vyumba vilivyofungwa. Umeme uzimwe kwenye swichi kubwa, na mtungi wa gesi utolewe nje. Usiwashe pangaboi wala kiyoyozi, hata kama joto ni la mwezi wa Februari, kwa sababu vitayasambaza masizi katika vyumba ambavyo havikuguswa. Watoto, wazee na wenye pumu walale kwa jamaa mpaka usafi ukamilike.

Siku hiyo hiyo iarifu kampuni ya bima au wakala wako, na baada ya kupiga simu utume ujumbe wa maandishi, maana simu haiachi ushahidi wa yaliyosemwa. Piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu, uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na baadaye abstrakti, yaani muhtasari rasmi wa ripoti hiyo, kisha uombe ripoti ya kikosi cha zimamoto cha Kaunti ikiwa kilifika. Ikiwa moto ulianzia kwa jirani, tuseme katika fleti iliyo chini yako huko Tudor, na wewe umepata moshi tu, bado unaweza kudai kwa bima yako mwenyewe, kwani moshi uliotokana na moto halisi huhesabiwa kuwa matokeo ya moto huo, sawa na maji yaliyomwagwa na wazimamoto. Hali ni tofauti pale sufuria ya wali iliyosahauliwa jikoni inapofuka moshi bila kitu kingine chochote kushika moto. Katika sheria ya bima, moto ni kitu kuwaka pale ambapo hakikupaswa kuwaka, na kampuni inaweza kukataa dai la namna hiyo isipokuwa mkataba umeutaja moshi wenyewe.

Soma mkataba kabla ya mtu yeyote kukusomea. Bima ya nyumba kwa kawaida hutenganisha jengo na vilivyomo ndani, kwa hiyo mpangaji hudai samani na nguo zake, na ukuta ni wa mwenye nyumba kuudai. Wenye nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Majengo, wawe na hati zinazoonyesha kwamba jengo ni lao, na paa la makuti liwe limetajwa waziwazi katika mkataba, la sivyo patakuwa na mabishano.

Ushahidi wa moshi ni mgumu kuliko ushahidi wa moto, kwa sababu kilichoungua kinajionyesha chenyewe, na kilichofukizwa huonekana kama uchafu wa kawaida. Kabla ya kugusa chochote, piga picha chumba kwa chumba, kwanza kutoka mlangoni na kisha kwa ukaribu. Pembeni mwa dari utaona nyuzi nyeusi zinazoning'inia kama tando za buibui. Hizo si tando, ni masizi yaliyoshikana. Tazama pia dari ya mbao au ya jipsamu, ambapo kila kichwa cha msumari huacha doa jeusi, kwa kuwa chuma ni baridi kuliko ubao na masizi hukimbilia penye baridi. Sogeza kabati, upitishe kitambaa cheupe ukutani nyuma yake, na upige picha ya kitambaa hicho kando ya mahali ulipokipitisha. Umeme ukiwa umezimwa, mwambie fundi afungue vifuniko viwili vitatu vya soketi ili yaonekane yaliyo nyuma. Picha za namna hii ndizo zinazomzuia mkadiriaji wa hasara, yule anayetumwa na kampuni ya bima kupima uharibifu, kuandika kwamba chumba cha kulala hakikuathirika.

Andika orodha ya vitu pamoja na mwaka na bei ya kununuliwa. Ambao risiti zao zimeungua wasikate tamaa: rekodi za M-Pesa, jumbe za dukani na picha za arusi iliyofanyika sebuleni humo zinaweza kuonyesha kwamba kitu kilikuwepo. Vilivyoharibika kabisa vitolewe nje lakini visitupwe mpaka mkadiriaji avione, kwa kuwa mabaki yake yanaweza kuhesabiwa katika malipo. Hata hivyo, mkataba unakutaka uzuie hasara isiongezeke, kwa hiyo turubali juu ya paa lililotoboka, kufuli la mlango uliovunjwa na kupangusa vyuma vinavyoshika kutu ni kazi za kufanya mara moja, na risiti zake ziwekwe. Ukiona mkadiriaji anachelewa, andika kwa kampuni kwamba utaanza kusafisha siku fulani kwa sababu masizi yanakula vyuma, na uiombe ijibu kwa maandishi.

Katika usafi, kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kuchukua ndoo ya maji na kitambaa. Masizi makavu ya mbao na karatasi yakirowanishwa huingia ndani ya rangi na kuacha mabaka yasiyotoka. Anza kwa kuyaondoa yakiwa makavu: mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio laini, mdomo wake ukiwa umeinuliwa kidogo usiguse ukuta, kisha sponji kavu ya mpira inayovutwa kwa mistari mirefu upande mmoja bila kusugua, na kila uso wake unapojaa unakatwa kwa kisu. Masizi ya plastiki na mafuta ya kupikia ni ya kunata, na hayo ndiyo yanayohitaji maji ya vuguvugu na sabuni kali ya kuondoa mafuta. Ukuta uoshwe kuanzia chini kwenda juu, ingawa jambo hili huwashangaza mafundi wengi, kwa sababu maji machafu yanayotiririka juu ya sehemu kavu huacha michirizi, na yanayotiririka juu ya sehemu iliyokwisha kuoshwa hupanguswa kwa urahisi. Wanaofanya kazi hii wavae glavu na barakoa ya N95, si kitambaa cha kawaida. Madirisha yafunguliwe mchana jua likiwa kali na kufungwa usiku unyevu unapopanda. Wakati wa masika ukuta huchukua muda mrefu zaidi kukauka, na atakayeharakisha atapata kuvu juu ya masizi.

Rangi ndiyo ya mwisho. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya ukuta uliofukizwa hupendeza kwa wiki chache, kisha umanjano hujitokeza na harufu hurudi siku za joto. Baada ya kuosha na kukausha, ukuta wa saruji hupakwa kwanza praima ya mafuta au ya shelaki inayoziba madoa, ndipo rangi ifuate. Nyumba za Mji wa Kale zina hukumu yake. Kuta za mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa hupumua, na praima ya mafuta huufungia unyevu na chumvi ndani mpaka plasta ibanduke yenyewe; huko ni afadhali kukwangua tabaka la juu na kupaka chokaa upya. Kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, usibadilishe mlango wa nakshi wala roshani kabla ya kupata kibali cha ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Taifa, na gharama ya fundi anayeijua kazi hiyo iingizwe katika dai tangu mwanzo. Paa la zamani la asbesto lililopasuka kwa joto lisifagiliwe wala kuvunjwa na vibarua. Lina waondoaji wake wenye leseni.

Nguo na leso zikung'utwe nje, zisipigwe pasi kabla ya kufuliwa, kwani joto la pasi huikaza harufu. Godoro la sponji lililofukizwa halisafishiki. Vyakula vilivyokuwa wazi, dawa, na makopo yaliyovimba vitupwe baada ya kupigwa picha.

Mkadiriaji huajiriwa na kampuni, na japo wengi wao ni waadilifu, si mwakilishi wako. Tembea naye, umwonyeshe picha, na uwe na makadirio ya mkandarasi wako yaliyotenganisha kuosha, kuziba madoa, kupaka rangi, umeme na dari, maana neno moja la "ukarabati" ndilo linalokatwa kirahisi. Uliza pia kama hesabu yake imejumuisha kodi ya VAT. Jambo linaloumiza zaidi ni kukatia bima thamani pungufu. Nyumba ambayo kuijenga upya ni shilingi milioni 6 ikikatiwa bima ya milioni 3, na hasara ikawa shilingi 800,000, kampuni inayotumia kanuni ya wastani, yaani kulipa kwa uwiano wa thamani iliyokatiwa bima na thamani kamili, hulipa 400,000, kisha huondoa kile kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe.

Umeme usirudishwe mpaka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, apime nyaya na kutoa cheti, kwa kuwa waya uliolainika kwa joto unaweza kuwaka miezi kadhaa baadaye. Hati ya kukubali malipo isisainiwe siku inapoletwa. Ikisema kwamba malipo hayo ni ya mwisho, basi harufu itakayorudi mwezi ujao ni mzigo wako, kwa hiyo subiri siku mbili tatu za joto baada ya kusafisha, ukae ndani madirisha yakiwa yamefungwa, ndipo usaini. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inataka madai yalipwe ndani ya siku 90 tangu kuripotiwa, mara wajibu unapokubaliwa na kiasi kujulikana. Kampuni ikinyamaza, iandikie kwanza yenyewe, kisha upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima pamoja na nakala za barua zote. Na dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kufikishwa mbele ya Mahakama ya Madai Madogo iliyopo hapa Mombasa, ambako si lazima uwe na wakili.