Somo: Kabla Hujanunua Kompyuta Nyingine ya Injini

Ninaandika somo hili kwa sababu nimelijibu swali moja mara nyingi mno: gari haliwaki, mashine ya kupimia imetoa msimbo wa U0100, na mwenye gari anataka kujua ni wapi Kisumu au Nakuru atapata kompyuta ya injini kwa bei nafuu. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Kisumu, na magari mengi yanayoletwa kwangu kwa kauli ya kwamba kompyuta imekufa huondoka na kompyuta ileile. Msimbo huo husema tu kwamba vitengo vingine vya gari havipati mawasiliano ya kompyuta ya injini. Mtu asipopokea simu, huenda simu yake haina chaji.

Hatua ya 1. Pima betri: takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.8 na 14.5 ikinguruma.

Hatua ya 2. Kagua fyuzi zote pamoja na rilei kuu ya injini (swichi inayowashwa kwa umeme). Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi isipowaka kabisa, shuku kwanza kwamba kompyuta haipati umeme.

Hatua ya 3. Tafuta mchoro wa nyaya wa gari lako, kisha pima umeme na athi (njia ya umeme kurudi kwenye ncha hasi ya betri) penye plagi za kompyuta yenyewe. Weka mita kati ya pini ya athi na ncha hasi ya betri, umwombe mwenzako apige stata. Tofauti isizidi takriban volti 0.1. Huku kando ya ziwa, ambako unyevu ni mwingi na watu huosha injini kwa maji ya presha, nyaya za athi zilizoota kutu ndizo ninazozikuta mara kwa mara.

Hatua ya 4. Kompyuta hupelekea sensa (vihisi vya injini) kadhaa volti 5. Zikikosekana, usiihukumu kompyuta bado. Chomoa sensa hizo moja baada ya nyingine, kwa kuwa sensa moja iliyopiga shoti huweza kuzima njia nzima. Volti 5 zikirudi ulipochomoa moja, hiyo ndiyo mbovu.

Hatua ya 5. Vipimo vikionyesha kweli kwamba kompyuta imekufa, tafuta kilichoiua. Hapa ndipo nilipokosea, na nataka ulisome fungu hili polepole. Mteja aliniletea gari ambalo silinda moja haikuwa ikifanya kazi, na vipimo vikaonyesha wazi kwamba kompyuta haikuiamrisha injekta (pua ya kunyunyizia mafuta) ya silinda hiyo. Nilifurahi kuwa nimeuona ugonjwa, nikanunua kompyuta iliyotumika yenye namba ileile, nikaifunga, na injini ikanguruma vizuri kwa muda usiofika robo saa kabla ya silinda ileile kuzimika tena. Ndipo nikapima injekta, jambo lililopaswa kutangulia: badala ya oomu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kati ya 12 na 16 zinazotarajiwa kwa injekta za aina hiyo, ilikuwa na 2 tu. Injekta ndiyo iliyoichoma kompyuta ya kwanza, nami nikaipelekea ya pili. Hasara niliilipa mwenyewe, maana halikuwa kosa la mteja. Kwa hiyo, kabla hujafunga kompyuta nyingine, pima oomu za kila injekta na kila solenoidi (vali inayoendeshwa kwa umeme) inayoamrishwa na kompyuta, kisha ufuate nyaya zake kwa macho na vidole mahali zinapopita karibu na chuma au kitu cha moto. Usiridhike na injekta moja kwa kuwa ndiyo iliyoonekana mbovu, linganisha zote. Koili za cheche zenye transista (swichi ya kielektroniki) ndani hazipimwi kwa oomu peke yake, hivyo ukiishuku moja ibadilishane nafasi na nyingine kabla ya kuleta kompyuta mpya, kamwe si baada ya hapo.

Hatua ya 6. Namba ya kompyuta ilingane mpaka tarakimu ya mwisho. Gari lenye kinga ya wizi linahitaji kompyuta iliyosajiliwa na chipu ya ufunguo wako, au fundi wa kuhamisha data ya kinga kutoka kompyuta ya zamani. Usiitupe ya zamani.

Hatua ya 7. Ondoa ncha hasi ya betri, usubiri dakika kadhaa, hasa kompyuta ikiwa karibu na mfuko wa hewa wa abiria. Gusa bodi ya gari kabla ya kushika kompyuta, usiguse pini zake, na hakikisha kila plagi imefunga.

Maswali ya wasomaji

Dereva, Bondo: Gari langu haliwaki tangu jana. Je, ni kompyuta? Nisaidie haraka.

Jibu: Hujataja gari wala kipimo chochote. Anza na hatua ya 1, urudi na namba.

Mwenye duka, Kakamega: Nimefunga kompyuta inayofanana, tofauti ni tarakimu mbili za mwisho. Injini inawaka sekunde mbili na kuzima.

Jibu: Hatua ya 6 imelieleza hilo. Rudisha kompyuta ya zamani, kisha nitajie namba zote mbili.

Mwanagenzi, Kisumu: Fundi, shikamoo. Kwa nini injekta yenye shoti iunguze kompyuta badala ya kukata fyuzi?

Jibu: Marahaba. Umeuliza jambo ambalo mimi mwenyewe nililielewa kwa gharama. Injekta yenye oomu 14 huvuta chini ya ampia 1 kwenye volti 12; yenye oomu 2 huvuta hadi ampia 6. Fyuzi ya ampia 15 haioni tatizo lolote, lakini transista ndogo ndani ya kompyuta, inayofunga mzunguko upande wa athi, haikuundwa kwa mzigo huo. Fyuzi huzilinda nyaya. Njoo na mita yako siku yoyote, tutapima pamoja.

Fundi, Eldoret: Unawatia watu hofu. Nimebadilisha kompyuta nyingi bila kupima injekta.

Jibu: Nami nilifanya hivyo, mpaka siku niliyoieleza. Vipimo hivyo huchukua dakika chache, na kompyuta ni fedha ya mteja.

Mwenye Probox, Nakuru: Nilihama kutoka Kisumu, na gari limepungua nguvu milimani. Nimeambiwa ni kompyuta.

Jibu: Ndugu, Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, nayo Nakuru takriban 1,850. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kama taa ya injini haiwaki, safisha kichungi cha hewa, ukague plagi za moto, ubaki na fedha zako.

Fundi wa bodi, Bungoma: Nikichomelea bodi ya gari, inatosha kuzima swichi ili kompyuta isiungue?

Jibu: Haitoshi. Ondoa ncha hasi ya betri, chomoa plagi za kompyuta, na ufunge athi ya mashine ya kuchomelea karibu kabisa na mahali unapochomelea, ili mkondo usipite kwenye nyaya za gari.